Familia nzima tulilazwa kwa ajili ya mtoto mmoja: wodi ya familia, Norway (nyota 4)

Naanza na alama ili asiesoma mpaka mwisho asinilaumu: nyota 4 kati ya 5. Moja nimeikata kwa ajili ya foleni, mkalimani na mkate, nitafika huko. Jina la hospitali sitaji wala mji sitaji kwa sababu mtoto ni wangu na kesho atakua mtu mzima, na Waswahili wa huku Norway tunajuana, ukitaja mji tu watu washajua ni kwa nani. Ila huduma yenyewe ni ya serikali na ipo sehemu kadhaa, utasikia wanaiita familieavdeling au familiepost, yaani wodi ya familia, na mlango wake unapitia BUP ambao ndo wanaoshughulika na afya ya akili ya watoto na vijana. Mtoto halazwi peke yake huko. Mnalazwa nyote, baba, mama na wadogo zake, mnapewa kijifleti ndani ya hospitali, mnapika humo, mnalala humo, mnagombana humo humo, na wafanyakazi wanawaona mkiishi na wanawasaidia pale pale shida inapotokea.

Kwetu mtu akisikia kulazwa kwa ajili ya akili anawaza Kidongo Chekundu tu, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Unguja, geti na funguo. Hapa hakuna geti. Watoto wanacheza mpira nje, mlango wa fleti mnaufunga wenyewe, ukitaka kwenda dukani unaaga unakwenda.

Kijana wangu ana miaka 10 na ana OCD, yaani ugonjwa wa akili wa mawazo ya hofu yanayomng'ang'ania mtu na kumlazimisha kurudia rudia jambo. Ilianza kwenye udhu. Kafundishwa chuoni (madrasa) kuosha mara tatu, bas yeye anaosha tatu halafu anahisi ya pili haikufika kwenye kiwiko anaanza upya, Magharibi inapita Isha inaingia yuko bafuni bado na maji yanamwagika. Baadae ikatoka kwenye udhu ikaingia kila pahali, vitasa vya milango, viatu, kochi alilokalia mgeni, begi la skuli, mikono ikachanika mpaka inatoa damu na baridi ya huku ndo kabisaa. Halafu maswali. Mama nimegusa? Mama niko twahara? Mama una hakika? Unamjibu, anatulia kidogo, anauliza tena. Skuli akaacha kwenda. Ndugu wengine wakasema kachezewa, wengine wakasema shetani wa wasiwasi, shangazi yake wa Unguja akatutumia kombe na ubani kwa mkono wa mtu, na mie dua siikatai na mpaka leo tunasoma, lakini mikono ilikua inazidi kuchanika na mtoto analia usiku.

Utaratibu wa kufika kule uko hivi: unaanza kwa daktari wako wa kawaida (fastlege), yeye anaandika rufaa kwenda BUP, BUP ndo wanakuombea wodi wakiona haja. Huwezi kujipeleka. Sisi BUP ya kawaida tulienda kwanza, ile ya kukaa na mwanasaikolojia saa moja kila wiki halafu mnarudi nyumbani, na mtoto ofisini alikua anakaa vizuri anajibu kila kitu mpaka mwanamke wa watu akawa anatuangalia sisi. Ugonjwa wenyewe ulikua unatusubiri nyumbani. Mlangoni tu kwetu unaanza.

Na hapa ndo penye jambo lenyewe na ndo sababu ya mimi kuandika. Nyumba yetu nzima ilikua inaufanyia kazi huu ugonjwa. Mie nafungua milango ili asiguse vitasa, nafua taulo kila akitumia mara moja, najibu maswali yale yale asubuhi mpaka usiku. Baba yake akitoka kazini anavua nguo ukumbini anakwenda kuoga kabla hajasalimia mtu. Mdogo wake ana miaka 6 na alikua anajua kochi lipi halikaliwi, na akikosea anapigiwa kelele na kaka yake na sisi tunamwambia yeye ndo anyamaze. Yote haya kwa huruma, mzazi gani atamuona mwanawe anatetemeka amwache? Wataalamu wa OCD wanalijua hili miaka mingi, kwamba nyumba ikishazoea kuzunguka masharti yake basi OCD inanona, kila ukiitii inaongeza sharti jengine. Sasa utamtibuje mtoto peke yake halafu umrudishe kwenye nyumba ambayo kila mtu ni mfanyakazi wa ugonjwa? Ndo mana wanawalaza wote.

Siku za mwanzo zinachosha kwa sababu unaona kama hawafanyi kitu. Wanauliza tu na kuangalia. Wanakaa na nyinyi mezani, wanaandika, wanamuuliza mtoto maswali ya kipimo kinachoitwa CY-BOCS ambacho alama zake zinafika 40, wetu alikua kwenye kundi la wagonjwa sana. Mume wangu siku zile alikua ananambia kwa Kiswahili mbele yao, hawa wanatuchungulia maisha yetu tu hakuna tiba hapa. Mie mwenyewe roho ilikua juu juu.

Tuseme ukweli kuhusu barnevernet, idara ya ustawi wa watoto ambayo inaweza kumchukua mtoto kwa wazazi, kwa sababu najua ndo kitu cha kwanza kila mtu wetu anachokiwaza. Huku kumpiga mtoto ni marufuku kisheria tangu 1987, na 2010 sheria ikawekwa wazi zaidi kwamba hata kofi dogo haliruhusiwi, na wafanyakazi wa hospitali wana wajibu wa kutoa taarifa wakiona mtoto anafanyiwa ubaya mkubwa. Kwahiyo kuishi ndani ya jengo ambalo watu wanakuangalia unavyomlea mwanao, wee! Shangazi alipiga simu analia kabisa, mnawapelekea wenyewe watoto wakawachukue. Nilichofanya mie ni kuuliza uso kwa uso siku ya kukaribishwa. Wakanijibu bila kuzunguka: ndio, sheria ya kutoa taarifa inatuhusu, tutakuuliza kama kuna kupigana nyumbani na tunaiuliza kila familia inayoingia hapa, ya Kinorwe na isiyo ya Kinorwe, ila hamkuletwa hapa kupimwa kama mnafaa kuwa wazazi. Na kweli walituuliza, wote wawili, tena kila mtu peke yake. Mume wangu alikasirika. Mie nilipenda, kwa sababu kitu kikishasemwa mezani unaweza kulala. Tumemaliza, tumetoka, watoto wako nyumbani. Siwezi kukuahidi kwa niaba ya kila nyumba, nasema yetu.

Tiba yenyewe sasa. Haina maajabu, ina uchovu. Kwanza mtoto aliambiwa aupe ugonjwa jina, akauita Bosi, na kuanzia hapo hakuna tena wewe umeosha sana, ni Bosi kakuamrisha. Halafu wakatengeneza naye ngazi ya hofu, chini mambo ya hofu ndogo juu ya hofu kubwa, na kila siku anapanda kidogo. Anashika kitasa, haoshi. Anakaa hivo hivo na hofu yake, anaambiwa aipe namba kutoka 0 mpaka 10, inapanda nane, tisa, analia, anatukana, na hakuna anaemlazimisha wala anaemwokoa, halafu polepole inashuka yenyewe bila maji. Akishaona mara kadhaa kwamba inashuka yenyewe, Bosi anaanza kupungukiwa nguvu. Hii ndo tiba ya OCD inayotumika dunia nzima, mwanasaikolojia yeyote anaijua, tofauti ya hapa ni kwamba tuliifanya jikoni, bafuni, kitandani, kwenye viatu, na sisi wazazi ndo tulikua tunaiendesha na wao wamesimama pembeni. Mpaka mie nikafundishwa sentensi ya kumjibu. Akiuliza mama niko twahara, namjibu hilo swali la Bosi na mie Bosi simjibu, na nakaa naye. Nakwambia ile siku ya kwanza kumnyima jibu nilitoka nje kulia kwenye baridi bila koti, na muuguzi akatoka akasimama na mie, hakusema kitu, akaniletea koti.

Udhu ndo ulikua juu kabisa ya ngazi, na hapa nawapa nyota zao zote. Nilikua naogopa wataambia mtoto aache kuswali, au watacheka. Badala yake yule mwanasaikolojia wa wodi akamuuliza mume wangu, dini yenu inasemaje mtu anatakiwa kuosha vipi, mimi sijui, nifundishe. Mume wangu ambae siku zote amenuna, bas akafunguka, akaeleza kwamba faradhi ni mara moja na tatu ni sunna, na kwamba mtu akishamaliza ibada halafu ikamjia shaka haiangalii, yakini haiondoki kwa shaka, na kumwaga maji ovyo hata ukiwa mtoni ni makruhu. Yule mama akaweka kalamu chini. Akasema hiki ulichosema ndo tiba yenyewe. Tukampigia simu mwalimu wake wa chuo, mkalimani yupo kwenye laini, ustadhi akamwambia mtoto kwa sauti yake, ukishaosha mara tatu umemaliza, ukijiwa na shaka kaswali hivo hivo, dhamana yangu. Yule kijana anamuamini ustadhi kuliko madaktari wote wa Norway wakusanyike. Kuanzia hapo bafuni tukawa na sheria moja, tatu na bomba linafungwa, na baba yake anatawadha pembeni yake.

Kuna kitu chengine lazima nikitaje kwa sababu kilinishangaza. Kila baada ya muda mnakaa kikao, nyinyi na mtaalamu mmoja mnaongea, na wenzake wawili watatu wamekaa kona ya chumba kimya. Katikati ya kikao wanageukiana wao kwa wao na kuanza kuzungumza kuhusu nyinyi na nyinyi mnasikiliza tu, mimi nimemuona mama huyu amebeba peke yake, mimi nimejiuliza mdogo mtu anapata nafasi ya kulia saa ngapi, vitu kama hivo, halafu wanawarudia nyinyi mseme mnaonaje. Ni kama kusengenywa ukiwepo, ila kwa heshima, hakuna hata neno la kuumiza. Kumbe utaratibu huu umezaliwa huku huku Norway, ulianzishwa na daktari Tom Andersen kule Tromsø mwaka 1985, zamani timu ilikua inajificha nyuma ya kioo cha kuonea upande mmoja, yeye na wenzake siku moja wakageuza taa na sauti ili familia ndo iwaone wao. Mara ya kwanza nilitaka kucheka. Lile swali la mdogo mtu lakini lilitukalisha chini mie na mume wangu usiku ule, mana hatukua tumemfikiria kabisa.

Na huyo mdogo mtu walimshughulikia haswa. Sheria ya huku inawataka wafanyakazi wa afya wawaangalie pia ndugu wa mtoto mgonjwa, sio mgonjwa tu, imeongezwa 2018. Akapewa mtu wake wa kucheza naye na kuongea naye, na siku moja aliletwa kikaoni akamwambia kaka yake mbele yetu, mie sio mchafu. Palikua kimya pale. Kijana akalia. Mie nahisi ile ilimsukuma kuliko ngazi yote.

Wazungu wanavyoiongelea hii ya kulaza familia utadhani wameivumbua wao jana. Sisi hospitali zetu ndugu wa mgonjwa yupo kitandani siku zote, nani atakuletea uji? Na kwenye magonjwa ya akili hasa, Daktari Thomas Adeoye Lambo kule Aro, Abeokuta, Nigeria, toka 1954 alikua anawaweka wagonjwa vijijini jirani na hospitali na lazima waje na ndugu yao wa kukaa nao. Sisemi hivi kuwashusha, nasema tu mzee wako akikwambia mambo ya kulazwa familia ni ya kizungu mwambie sivo.

Mambo madogo madogo. Fleti ni ndogo, safi, kuta nyembamba, tulikua tunasikia mtoto wa jirani anapopandwa na hasira usiku na wao bila shaka walitusikia sisi. Chakula cha hospitali ni mkate. Asubuhi mkate, mchana mkate na ile jibini yao ya kahawia yenye utamu, jioni mara moja kitu cha moto, Ijumaa tacos kama nyumba zote za Norway. Nguruwe ukisema mapema hawakupi, halali uliza mapema zaidi. Mie nilikua napika mwenyewe, na siku niliyokaanga samaki jiko la pamoja lilinuka mpaka wikiendi, mama mmoja wa Kinorwe akaja kuuliza ni nini, nikampa, akarudi na sahani. Mtoto anasoma, kuna walimu kabisa wa hospitali, ni haki yake kisheria akiwa amelazwa. Wikiendi mnarudi nyumbani na kazi ya kufanya, yaani ngazi ile ile lakini kwenye kochi lenu wenyewe, na Jumatatu mnaeleza. Tena kuna siku walikuja mpaka nyumbani kwetu, wakavua viatu, wakafanya mazoezi na mtoto ukumbini. Wafanyakazi wanatuita kwa jina la kwanza, hakuna Mama Fulani, hilo utalizoea au hutalizoea.

Pesa: hamlipi kitu. Matibabu ya akili kwa mtoto chini ya miaka 18 ni bure. Kazini wazazi mnaweza kuombewa pleiepenger za NAV (ofisi ya serikali ya kazi na mafao), ambazo zinafidia mshahara mkiwa na mtoto mgonjwa hospitali, na baba na mama mnaweza kupata wakati mmoja hali ikihitaji, lazima karatasi ya daktari na lazima uwe umefanya kazi angalau wiki 4 kabla. Wanaofanya zamu za kuitwa itwa kama mume wangu wakusanye payslip zao mapema. Nauli za kwenda na kurudi nazo zinadaiwa kwa pasientreiser, huduma ya serikali ya nauli za wagonjwa, weka risiti.

Sasa malalamiko. Foleni kwanza. Kutoka rufaa mpaka kitanda tulisubiri muda ambao mtoto mwenye mikono inayotoka damu hatakiwi kusubiri, na ikagongana na Julai, mwezi ambao Norway nzima inakwenda likizo na vitu vingi vinapungua, tukaambiwa baada ya likizo. Likizo ya nani? Pili mkalimani. Mie Kinorwe nakimudu, mume wangu hapana, na zamani kijana mwenyewe ndo alikua anamtafsiria baba yake kwa daktari, jambo ambalo sheria ya wakalimani iliyoanza 2022 inakataza, mtoto hatafsiri. Ni haki yako na hulipi. Lakini tuliletewa wa simu, tena mara nyengine mtu wa Kiswahili cha Kongo, mtu mwema kabisa ila yeye na mume wangu walikua wanaelewana nusu, na mada yenyewe ni udhu na twahara. Mara tatu kikao kilivunjika. Ombeni mapema mtu wa upande wenu, na mkiogopa kukutana naye harusini ombeni wa simu kutoka mji mwengine, wana kiapo cha siri. Tatu, zamu zinabadilika, jioni anakuja mtu mpya anampa mtoto sabuni kwa huruma na kazi ya mchana imekwenda na maji.

Kama imetusaidia? Ndio. Hajapona moja kwa moja na walituambia mapema tusitegemee hivo. Zile alama za kipimo zimeshuka sana, skuli anakwenda, mikono imepona, akiwa na mtihani Bosi anarudi siku mbili tatu anaondoka. Tulikabidhiwa kwenye kikao cha pamoja, skuli, BUP ya mtaani, muuguzi wa skuli, kila mtu anajua afanye nini. Dawa walizizungumza, kuna sertraline ambayo huku imeruhusiwa kwa watoto wenye OCD kuanzia miaka 6, tukakubaliana tuanze na mazoezi na dawa ibaki karibu tukihitaji. Mume wangu ambae alisema hakuna tiba pale saivi ndo anaepiga simu BUP tukisahau miadi.

Nani aende: nyumba ambayo ugonjwa wa mtoto umeshapanga ratiba ya kila mtu, na wazazi wote wawili wako tayari kukaa, mana mmoja akikaa na mwengine anakuja Jumapili na zawadi haifanyi kazi, tuliona kwa jirani zetu. Wazazi walioachana nao walikuwepo, zamu kwa zamu, wanaweza. Nani asiende: mtoto akiwa kwenye hatari ya kujidhuru sasa hivi, hii sio huduma ya dharura, piga 113 (simu ya dharura) au nenda legevakt, kliniki ya dharura.

Mkipata nafasi bebeni mchele wenu, viungo, msala na nguo za nje za kutosha kwa wote, na mkifika ombeni fleti iliyo mbali na jiko la pamoja mpate kulala.